Jinsi strip() ilivyokula M ya mbuta

Mama mmoja anayenunua samaki Dunga, hapa Kisumu, aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya hesabu. Vijana wake walikuwa wakiandika mauzo kwa simu, kila mmoja kwa mtindo wake. "ngege" na "ngege " yenye nafasi mwishoni zilihesabiwa kama samaki wawili tofauti. Nikasema hilo ni jambo la strip(), amri ya lugha ya programu ya Python inayoondoa nafasi mwanzoni na mwishoni, dakika tano tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la aibu. Niliandika jina.strip() peke yake, nikashangaa nafasi bado zipo. Stringi ya Python, yaani mfuatano wa herufi, haibadiliki. Strip() inakupa stringi mpya, nawe usipoipokea inapotea. Andika jina = jina.strip().

Kosa la pili ndilo lililonigharimu. Samaki walioingia kutoka Kisumu waliandikwa KSM-OMENA, KSM-NGEGE na kadhalika, nami nikataka kuondoa kile kichwa. Nikaweka jina.lstrip("KSM-"), ile strip() ya upande wa mwanzo tu. Nikajaribu kwa omena, sawa. Ngege, sawa. Nikapeleka kazi.

Jioni mama akanipigia. "Kijana, hii BUTA ni samaki gani?"

"Ni mbuta, mama. Kompyuta imekula herufi."

"Basi ikule herufi, isikule pesa yangu."

Na pesa ilikuwa imeliwa kweli, kwa sababu orodha ya bei ilikuwa na MBUTA, BUTA haikupatikana, na programu yangu ikahesabu sifuri. Mbuta, samaki wake wa bei!

Unachoweka ndani ya mabano ya strip(), lstrip() au rstrip() Python hailisomi kama neno. Inalichukua kama mfuko wa herufi: K, S, M na kistari, kwa mpangilio wowote. Inapara kutoka ukingoni kama mtu anavyopara magamba, na haiachi hadi ikutane na herufi isiyo mfukoni. Ilipomaliza KSM- ikakuta M nyingine, ikaipara pia, ikagota kwenye B. Omena na ngege waliponea kwa bahati ya herufi zao za kwanza. Upande wa mwisho ni hivyo hivyo: "ripoti-nov.csv" ukiipitisha kwa rstrip(".csv") inatoka "ripoti-no".

Kama unataka kuondoa neno zima, tumia removeprefix("KSM-") au removesuffix(".csv"). Zilikuja na toleo la 3.9, mwaka 2020. Laptopu ya mama ilikuwa na toleo la zamani zaidi, kwa hiyo nilitumia startswith("KSM-") kukagua mwanzo, kisha jina[4:] kuruka herufi nne za kwanza. Si maridadi, lakini inafanya kazi.

Bado kuna jina moja la omena lililokataa kusafishika, lililonakiliwa kutoka WhatsApp. Nililichapisha kwa repr(), inayofichua herufi zisizoonekana, nikaona '\u200b' imejificha mwishoni, nafasi isiyo na upana, ambayo strip() tupu haiigusi. Hiyo niliiondoa kwa replace(), nikaenda kulipwa. Nililipwa kwa ngege wawili.