Kabla ya Muhula wa Kwanza: Majibu kwa Wanaojiandaa Kuanza Chuo

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka karibu zote kwa vijana wanaosubiri kuripoti chuoni, na chache kwa wazazi wao. Nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na niliowaona wakiteleza hawakuteleza kwa kukosa akili. Wengi wao walichelewa kuuliza. Ndiyo maana nimefurahi kupata maswali haya mapema. Nimeyafupisha, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeuliza.

Shikamoo Mwalimu. Sekondari nilikuwa miongoni mwa wanafunzi bora, na mbinu yangu ilikuwa kusoma maelezo mara tatu au nne hadi yakae kichwani. Dada yangu, aliye mwaka wa tatu, anasema mbinu hiyo haitanifikisha mbali chuoni. Je, ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Dada yako amekwambia kweli, na inafaa ujue sababu yake. Ulipokuwa sekondari hukuwa unasoma mara nne peke yake. Mwalimu alikuwa anakuuliza darasani, anakupa jaribio, anakusanya madaftari, na kwa njia hiyo alikurudisha kwenye somo lile lile kila baada ya siku chache bila wewe kutambua kwamba huko kurudishwa ndiko kulikokufanya ukumbuke. Chuoni mhadhara mmoja unaweza kubeba sura nzima ya kitabu, na mtihani ukaja miezi mitatu baadaye, na katikati hapo pasiwe na mtu wa kukukumbusha.

Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau huenda mbio katika saa na siku za mwanzo, kisha hupunguza kasi. Aliona pia kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo siku moja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine wakakisoma tena, wengine wakafunika na kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliosoma tena walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani walikumbuka takriban asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Hizo dakika tano ndizo zinazowadanganya wanafunzi wengi, kwa sababu ukimaliza kusoma mara ya nne jicho limeshaizoea sentensi, nawe ukadhani umeielewa.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni ya siku ya mhadhara, kabla hujafungua daftari, chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka, hata kama kimevurugika. Ndipo ufungue daftari na kujaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea karatasi yake ya kwanza akiwa karibu kulia: ilikuwa na mistari minne ya wino wa bluu na nusu ya mchoro, na kuanzia hapo hadi chini ukurasa wote ulikuwa mwekundu. Nilimwomba asiitupe. Wiki ya sita aliniletea nyingine ya somo lile lile, na wekundu ulikuwa umebaki pembeni tu, kwenye majina mawili na fomula moja. Alijua sawasawa kile asichokijua, na usiku huo alidurusu vitu vitatu badala ya kurasa ishirini.

Nakutahadharisha kwamba mbinu hii inachosha kuliko kusoma tu. Uchovu huo usikuvunje moyo, maana kule kujikamua kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu.

Mwalimu, naambiwa kwamba mwanafunzi hodari halali. Je, nianze kujizoeza kukesha?

Hapana, nakusihi. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji kulala saa saba hadi tisa kwa usiku, na usingizi ni sehemu ya kujifunza, kwa sababu ni katika usingizi ubongo unapoyaimarisha yale uliyoyasoma mchana. Chunga pia kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu mwilini, ingawa watu hutofautiana, hivyo ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado inafanya kazi wakati wewe unajigeuza kitandani.

Mimi ni mtu wa haya. Nasikia wahadhiri hawana muda na mwanafunzi mmoja mmoja, na wengine ni wakali. Nikikwama nifanyeje?

Nakuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu nami nilipokuwa mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya mlango wa ofisi ya mhadhiri wangu wa takwimu, nikainua mkono kubisha, nikasikia kiti kikisogezwa ndani, nikaondoka. Nilifanya hivyo mara mbili. Somo hilo nililirudia mwaka uliofuata, na niliporudi kwake hatimaye, aliuliza kwa upole kwa nini sikuja mapema, nami sikuwa na jibu.

Wahadhiri wengi hutenga saa maalumu za kuonana na wanafunzi, na kwa kawaida huandikwa katika muhtasari wa somo unaotolewa mwanzoni mwa muhula. Wiki nyingi saa hizo hupita bila mtu kubisha hodi, kisha wiki moja kabla ya mtihani foleni hujaa ukumbini. Nenda wiki ya pili au ya tatu. Usiende kusema kwamba hujaelewa kitu, kwa sababu hapo mhadhiri hana pa kuanzia. Nenda na karatasi yenye swali ulilojaribu, umwonyeshe kwa kidole: hapa nilifika, hapa nimekwama, nilidhani hatua inayofuata ni hii. Mazungumzo ya namna hiyo humalizika kwa dakika kumi, na mhadhiri, hata mkali, humheshimu aliyejaribu. Ukimwandikia barua pepe, taja jina lako kamili, namba ya usajili, jina la somo na swali lenyewe, na umwandikie kwa lugha ya adabu.

Ikiwa umejaribu kweli na mlango umebaki umefungwa, wapo wakufunzi wasaidizi, na wapo wenzako wa mwaka wa pili waliopita hapo hapo. Haya isikufanye ubaki na swali lako hadi siku ya mtihani.

Sikupata kozi niliyoiomba. Nimepangiwa nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria. Wazazi wanasema nikubali tu. Nikubali?

Sitakujibu ndiyo wala hapana kabla hujafanya mambo mawili, na yote yanataka haraka. La kwanza, uliza ofisi ya udahili au ya usajili iwapo kuhama kozi kunaruhusiwa, kwa masharti gani, na mwisho wa kuomba ni lini. Kwa kawaida dirisha hilo huwa fupi na hufungwa mapema katika muhula, na nimewaona vijana wenye sifa zote wakilikosa kwa kuchelewa siku chache tu.

La pili, usiihukumu kozi kwa jina lake wala kwa masomo ya mwaka wa kwanza, ambayo mara nyingi ni ya msingi na hufanana katika kozi nyingi. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa mwisho, uisome polepole, na ujiulize ni mangapi ungependa kuyajua hata kama hayana mtihani. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umuulize siku yake ya kawaida inaendaje. Ukiona kwamba hakuna kitu kinachokuvuta katika orodha ile yote, zungumza na wazazi ukiwa na karatasi mkononi: kozi unayoitaka, masharti yake, gharama zake, na muda utakaoongezeka. Wazazi wengi hukataa kwa sababu wanachokisikia ni malalamiko; wakiona mpango ulioandikwa huwa tayari kukaa na kuujadili. Nao wana haki ya kuuliza, hasa kama ndio wanaolipa.

Nitakuwa napokea pesa ya matumizi ya muhula mzima kwa mara moja. Nifanyeje isiishe katikati?

Siku ile ile unapoipokea, ondoa kwanza vile visivyokwepeka: ada ndogondogo, malazi, nauli ya kurudi nyumbani muhula utakapokwisha. Weka akiba kidogo ya dharura. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki za muhula, pamoja na wiki za mitihani ambazo wengi huzisahau, na ukitenganishe ili kila wiki uwe na fungu lake. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, kwa kuwa pesa inaonekana nyingi na marafiki ni wapya. Usikope ili kufanana na mtu.

Sijawahi kulala nje ya nyumba yetu hata wiki moja. Naogopa upweke, na naona aibu kuwaambia wenzangu.

Usione aibu. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Johannes Hofer, aliandika tasnifu nzima kuhusu maumivu ya kutamani nyumbani, akayaundia jina nostalgia kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu. Miongoni mwa aliowaeleza alikuwamo kijana aliyekwenda mji mwingine kusoma akaugua kwa huzuni. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na bado kila mwaka naliona jambo hilo katika safu za nyuma za ukumbi wangu.

Jitahidi jioni za wiki za mwanzo zisikukute peke yako na simu. Acha mlango wa chumba wazi unapopanga vitu vyako. Kaa kiti kile kile katika mhadhara ule ule kwa wiki tatu, na jirani yako atakuwa mtu unayemfahamu bila nyinyi kujua ilianza vipi. Jiunge na kundi moja lenye shughuli maalumu, iwe michezo, kwaya, mdahalo au kujitolea, kwa sababu ni rahisi kuzungumza na mtu mkiwa mnafanya kitu pamoja. Huzuni ya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua yenyewe. Lakini ikiwa imepita wiki mbili huli vizuri, hulali, huendi darasani, au mawazo ya kujidhuru yamekujia hata mara moja, usingoje: nenda siku hiyo hiyo kwa mshauri nasaha wa chuo au kituo cha afya, na umwambie pia mtu mmoja unayemwamini.

Je, naweza kutumia programu za akili mnemba kufanya kazi za chuo? Kila mtu anazitumia.

Soma kwanza kanuni za chuo chako na maelekezo ya kila somo, kwa kuwa zinatofautiana, na pasipokuwa na maelekezo muulize mhadhiri kwa maandishi. Kuwasilisha maandishi ambayo si yako kama yako ni udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufikia kufukuzwa. Programu hizi pia hubuni marejeo: zinakutajia kitabu, mwandishi na ukurasa ambavyo havipo, kwa lugha ya kujiamini kabisa. Pale zinaporuhusiwa, ziombe zikuulize maswali juu ya ulichokisoma au zikueleze hatua iliyokushinda, kisha ukahakiki kitabuni. Insha yako iandike mwenyewe hata ikiwa na kasoro, kwa sababu mhadhiri hawezi kusahihisha fikra ambayo hukuifikiri.

Mwalimu, mimi ni mama. Binti yangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo, na mimi sikusoma sana. Nampigia simu kila siku kumuuliza kama amesoma, naye anajibu kwa mkato. Nimsaidieje?

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Usidhani kwamba kwa kuwa hukufika chuo huna cha kumpa. Swali la kama amesoma lina jibu moja tu analoweza kukupa, nalo ni ndiyo, hata siku ambayo si kweli, kwa sababu anaogopa kukuangusha. Mtoto wa kwanza kufika chuo hubeba matumaini ya watu wengi, na wengine huficha kufeli muhula mzima kwa mzigo huo. Mwambie mapema, kabla halijatokea, kwamba akianguka somo unataka kuwa wa kwanza kujua, na kwamba hutamfokea.

Kisha punguza simu ziwe mara mbili au tatu kwa wiki, kwa saa mliyokubaliana, na badala ya kumkagua, mwombe akufundishe. Muulize leo wamefundishwa nini, na ukisikia neno usilolijua, mwambie akueleze kama anavyoweza kwako. Atalazimika kulitafutia maneno mepesi, na hapo ndipo yeye mwenyewe ataona kama amelielewa au la. Asipoweza, usimlaumu, mwambie akamuulize mhadhiri, na kwamba utapenda kusikia jibu Jumapili.