Maneno ya kriketi kwa anayeanza kuandika alama

Wewe uliyekabidhiwa daftari la alama Jumamosi hii, usianze na kitabu cha sheria. Anza na maneno, maana uwanjani hakuna atakayekusubiri uulize.

Daki (yaani bata kwa Kiingereza) ni sifuri ya mpigaji aliyetolewa bila alama: yai la bata, duara kama sifuri yenyewe. Mpigaji akitolewa kwa mpira wake wa kwanza, hiyo ni daki ya dhahabu. Akipita mezani kwako usimsemeshe. Sili pointi nayo si tusi. Ni mahali pa kusimama, hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, na anayekubali kusimama hapo ni jasiri.

Neno ninalokuomba ulishike hasa ni meideni: ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, ambayo hakutozwa mkimbio (alama ya kukimbia) hata mmoja. Kila mpira usio na mkimbio unauwekea nukta. Zikitimia sita, unaziunganisha kwa kalamu ziwe herufi M. Kama ndani ya ova hiyo ameangusha wiketi, yaani amemtoa mpigaji, unachora W. Msimu wangu wa kwanza nilimnyima kijana mmoja meideni yake. Mpira ulimpita mpigaji bila kuguswa, wakakimbia mara moja, nami nikaandika 1 kwa mrushaji. Kumbe ile ni bai, na bai hatozwi mrushaji. Kinachomharibia ni waidi (mpira uliopita mbali mno na mpigaji) na nobo (mpira uliorushwa kinyume cha sheria). Baada ya mechi alikuja, akaweka kidole kwenye ile ova, akanyamaza. Nilifuta, nikachora M mbele yake.

Gugli ni ya mrushaji wa legispini, anayezungusha mpira kwa kifundo cha mkono: mkono unaahidi upande huu, mpira unakatia upande ule. Aliibuni Mwingereza Bernard Bosanquet, ndiyo maana Waaustralia waliiita bozi. Dusra ni ndugu yake kwa warushaji wa ofuspini, wanaozungusha mpira kwa vidole. Ni Kiurdu, maana yake "ile nyingine", na Saqlain Mushtaq wa Pakistan ndiye aliyeivumisha. Kwetu Nairobi legispini ina heshima yake: mwaka 2003, kwenye Kombe la Dunia, Collins Obuya wa Kenya aliwamaliza Sri Lanka kwa 5 kwa 24. Isome hivi: wiketi 5, mikimbio 24.

Alama zikifika 111 utasikia "Nelson!" na utaona watu wakiinua mguu kuepuka mkosi, kama alivyozoea mwamuzi Mwingereza David Shepherd. Wewe macho yabaki uwanjani. Mrushaji ameshaanza kukimbia.