Homa ya ini inapogusa ubongo na neva: kwa mnaoanza wodini

Mgonjwa wa homa ya ini akianza kuchanganyikiwa au miguu ikilegea, amueni kwanza kama ini limeshindwa kazi na sumu zinauvuruga ubongo, au kinga ya mwili iliyoamshwa na virusi imegeukia neva. Wa kwanza akili humpotea. Wa pili hukujibu vizuri kabisa, ila hawezi kusimama.

Kwa aliyechanganyikiwa, msikimbilie kuandika "ini" kwenye faili. Pimeni sukari papo hapo, maana ini lililochoka haliwezi kuitunza, kisha malaria, kwani malaria kali nayo huleta manjano na kupoteza fahamu. Halafu mwambieni anyooshe mikono, akunje viganja kwa nyuma na kuvishikilia kwa sekunde 30. Vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi, ini linahusika. Anayeonekana mzima mwambieni ataje siku za wiki kinyumenyume. Wengi hukwama hapo kabla ndugu hawajaona lolote.

Kwa mwenye ini lililonyauka kwa homa ya ini B au C ya miaka mingi, karibu kila mara kuna kichocheo cha kuchanganyikiwa: kutapika damu, maambukizi ya maji ya tumboni, choo kigumu, potasiamu iliyoshuka kwa dawa za kukojosha, au dawa ya usingizi. Diazepam anayochomwa mgonjwa msumbufu usiku ndiyo inayomkuta asubuhi haamki. Tafuteni kichocheo huku mkimpa laktulosi (dawa ya maji ya kulainisha choo) mililita 25 kila saa moja au mbili hadi apate choo, kisha punguzeni apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Akiharisha kutwa nzima mmepitiliza: anakaukiwa maji, sodiamu inapanda na fahamu inazidi kushuka.

Aliyekuwa mzima wiki chache zilizopita, sasa ana manjano, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ya 1.5 au zaidi na maneno yasiyoeleweka, ni habari nyingine. Ini limekufa ghafla na ubongo unaweza kuvimba. Inueni kichwa nyuzi 30, fuatilieni sukari kila saa, na ombeni rufaa siku hiyo hiyo. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho mwenye homa ya ini E ndiye wa kuhofiwa zaidi. Mlipuko ulioanza Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2007 uliwafanya watu zaidi ya 10,000 waugue, na wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumia sana.

Upande wa neva, virusi vya E ndivyo vinavyosahaulika. Vinaweza kufuatiwa na ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva: udhaifu unaopanda kutoka miguuni, na nyundo ya goti haipati jibu. Vinaweza pia kuleta maumivu makali ya mabega, mara nyingi yote mawili, kisha mikono inadhoofu. Wengi wa wagonjwa hawa hawana manjano hata kidogo, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) imepanda kiasi tu, kwa hiyo asiyeagiza vipimo vya ini hajui kamwe.

Mwenye Guillain-Barré mwambieni ahesabu kwa pumzi moja. Asipofika 20, rudieni kila baada ya saa chache. Namba ikishuka, waiteni watu wa ICU bila kusubiri oksijeni ishuke, maana hiyo hushuka mwisho. Mapigo ya moyo na presha vinaweza kuyumba bila onyo. Steroidi haisaidii hapa. Tiba ni kubadilisha plazma (maji ya damu) au imunoglobulini (kingamwili za kuchoma mshipani) gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku 5. Chukueni damu ya vipimo vya virusi kabla ya chupa ya kwanza: imunoglobulini hubeba kingamwili za waliochangia damu, na ukipima baadaye utasoma majibu yao. Maji ya uti wa mgongo yakiwa na protini ya kawaida wiki ya kwanza, msifute utambuzi.

Homa ya ini B huweza kuharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva; mguu mmoja unadondoka leo, kifundo cha mkono wa pili wiki ijayo. Homa ya ini C huleta ganzi na moto nyayoni pamoja na madoa mekundu miguuni, kwa sababu ya protini zinazoganda kwenye baridi. Kipimo chake huharibikia njiani: damu ikae kwenye nyuzijoto 37 tangu sindano hadi seramu itenganishwe. Ikiwekwa kwenye friji mapema, protini huzama pamoja na damu iliyoganda, na maabara huandika "hakuna".