P0171 imerudi baada ya kufunga filta ya koni

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Masasi, natumia Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Nimetoa boksi la filta ya hewa nikafunga filta ya koni na bomba lake jipya. Siku ya tatu taa ya injini ikawaka, mashine ya kupimia ikasoma kodi (namba ya kosa) P0171. Fundi wa hapa akaifuta, lakini nilipofika Mnazi Mmoja nikielekea Lindi ikarudi. Sasa naambiwa ninunue sensa ya oksijeni. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kwanza. P0171 maana yake hewa imezidi kipimo kwa mafuta yanayoingia. Sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi, ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, na mara nyingi inasema kweli. Inaniuma kuona vijana wanabadilishiwa sensa nzima wakati kosa liko kwenye mpira wa hewa.

Gari lilikuwa zima, ukagusa njia ya hewa, likaanza kulalamika. Basi tuanzie hapo. Sensa ya kupima hewa hukaa kwenye njia hiyo, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) imepangiwa hesabu kwa upana wa njia ya kiwandani. Bomba jipya likiwa pana zaidi, hewa hupita taratibu mbele ya sensa, nayo huripoti hewa pungufu kuliko inayoingia. Mafuta yanapimwa kwa ripoti hiyo, kwa hiyo yanapungua. Tena koni nyingine hupakwa oili. Ikizidi, hurukia kawaya ka sensa na kukafunika.

Sasa kipimo chenyewe. Mwambie fundi asifute kodi kabla ya kufungua kumbukumbu ya hali ya gari taa ilipowaka. Akifuta, nayo inapotea. Kisha injini ikishapata moto asome asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, azijumlishe. Asome gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), halafu mzunguko ukiwa 2500 kwa dakika. Jumla ikicheza ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, hakuna tatizo. Ikiwa juu sana kwenye sailensa lakini inashuka kwenye 2500, kuna hewa inayoingilia pembeni baada ya sensa: klampu imelegea, mpira umechanika, au kuna tundu la hozi ndogo lililoachwa wazi ulipotoa boksi. Hilo la mwisho nimelikuta mara nyingi. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga mafuta, shuku sensa ya hewa au upana wa bomba. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo huleta dalili hiyohiyo.

Kutafuta penye kuvuja, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio, mbali na nyaya, usikilize kama mlio unabadilika. Kamwe usikubali mtu anyunyizie petroli kwenye injini ya moto.

Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa wala brashi. Ekzosi nayo ikague: tundu kabla ya sensa ya oksijeni ya mbele huvuta hewa ya nje na kuipotosha.

Kama boksi la zamani bado unalo, lirudishe kwa siku mbili na ufute kodi. Taa isiporudi, umepata jibu bila kununua kitu. Na kama njia zako ni zile za vumbi za kuelekea Nachingwea, mimi ningeliacha boksi hilo hapohapo.