Hitilafu ipi inatosha kuchelewesha toleo?

SWALI: Dada, shikamoo. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na wateja wengine nawawekea Fedora, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Nasikia hutoa toleo jipya huku wakijua lina hitilafu, halafu safari nyingine wanasogeza tarehe kwa hitilafu moja tu. Wanaamuaje? – Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anayesubiri hitilafu ziishe hatatoa toleo kamwe. Fedora wana vigezo vilivyoandikwa mapema. Hitilafu inayovunja kigezo huhesabiwa kuwa kizuizi, na kikao cha mwisho huamua watoe au wangoje.

Mimi nauliza hivi: madhara yake yatarekebishika baadaye? Aikoni iliyokaa vibaya itanyooshwa na sasisho la wiki ijayo. Lakini kisakinishi kikifuta sehemu ya diski ambayo mteja hakuichagua, sasisho litamsaidia nini? Tena wewe unajua, flashi ya kusakinishia huzunguka kwa mafundi miezi mingi, na kosa lililomo linazunguka nayo.

Wingi wa walalamikaji usikudanganye. Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho kubwa la Windows 10, toleo 1809, likafuta mafaili ya baadhi ya watu, nyaraka na picha. Waliolijaribu mapema walikuwa wameshatoa taarifa, ila taarifa zao zilipata kura chache, zikafunikwa na nyingine. Usambazaji ukasimamishwa baada ya siku chache, ukarudi 13 Novemba. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu aliyepoteza picha za mzazi wake hajali kwamba waliopatwa ni wachache.

Fedora 37 nayo ilisogezwa mwaka 2022. OpenSSL, watengenezaji wa programu ya kusimba mawasiliano iliyomo ndani ya Fedora, walitangaza kwamba rekebisho la udhaifu mkubwa mno wa kiusalama lingetoka 1 Novemba, bila kueleza undani wake. Fedora wakangoja, wakatoa toleo 15 Novemba. Udhaifu ulipowekwa wazi, ukali wake ulikuwa umeshushwa daraja, na wapo waliosema muda umepotea bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa, na siku ile hakuna aliyeweza kuwahakikishia watumiaji usalama wao.

Kwa kazi yako, kabla ya kumwekea mteja toleo jipya, soma orodha ya matatizo yanayojulikana ambayo Fedora huitoa. Na toleo la majaribio likitoka, lijaribu kwenye mashine kuukuu ya kibandani. Ukiona kasoro, andika aina ya mashine, hatua ulizopitia na, zaidi ya yote, kilichopotea.