Ubao wa surfing (kuteleza kwenye mawimbi) wa futi 6 haushiki mawimbi Muizenberg, ninunue upi?

Salama mkuu. Umesema ubao wako wa futi 6 wenye pua nyembamba haushiki wimbi lolote pale Muizenberg, ufukwe wa Cape Town, na unajiuliza uchukue ubao wa aina ya fishi au ule mrefu. Kwanza angalia lita, yaani ujazo wa ubao unaokufanya uelee, mara nyingi zimeandikwa upande wa chini karibu na mkia, kama ziko chini ya kilo zako na bado unajifunza basi shida ndo hiyo, sio mikono yako. Wimbi la Muizenberg ni la polepole, linataka ubao wa futi 8 au 9, mpana, mnene, tumbo bapa, uanze kuteleza mapema kabla wimbi halijasimama, mimi pale natumia wa 9 na hata maji yakiwa ya kiunoni napanda tu. Fishi ni mfupi ila mpana, mkia umegawanyika, mapezi mawili, mtamu sana kwenye mawimbi madogo lakini kwa mtu aliyeshajua kusimama. Huo wako usiuuze aisee! Utakufaa Jeffreys Bay, ufukwe mwingine wa Afrika Kusini, wimbi la huko linakimbia na ni wima, pale pua iliyopinda juu inakuokoa usichomeke na mkia mwembamba unashika maji. Weka kilo zako hapa tukupigie hesabu ya lita.