Maswali ya oili: andikeni saa kwanza

Fundi, ripoti ya maabara ya oili yangu inasema chuma 60 (sehemu kwa milioni). Injini yangu ni nzima? (Jinja)

Oili hiyo imefanya kazi kwa saa ngapi tangu uibadilishe? Sitini ya saa 100 si sawa na sitini ya saa 500. Hukuandika, kama wenzako wengi, basi sina jibu.

Oili ya lori langu imekuwa nyeusi baada ya safari moja ya Malaba. Injini inalika?

Hayo ni masizi ya dizeli, na kuyabeba ndiyo kazi ya oili. Rangi haipimi ulikaji. Swali hili lisirudi tena.

Greda letu liko Moroto. Sampuli ya kwanza ilikuwa na silikoni 8 na chuma 22. Ya pili silikoni 41 na chuma 95. Zote ni za saa 250. Fundi wetu anataka kufungua injini.

Mzuieni. (Na asanteni kwa kuandika saa.) Silikoni na chuma vikipanda pamoja, shuku vumbi, maana udongo una silikoni na alumini. Angalieni na alumini. Ikiwa nayo imepanda, hata msibishane. Vumbi linasaga ringi na silinda, na ovaholi bila kuziba lilikopitia ni kununua ringi mpya za kusagwa. Anzeni kwenye hosi kati ya filta ya hewa na tabo (kipuliza hewa cha injini): legezeni klampu, pitisheni kidole ndani. Kikitoka na unga mwekundu, mwizi mmemkamata. Tena najua mnapuliza filta kwa kompresa kila jioni. Upepo ule hutoboa karatasi, na tundu hamlioni mpaka muweke taa ndani. Wekeni filta mpya, mwageni oili, chukueni sampuli nyingine mapema, hata saa 50. Silikoni ikipanda peke yake, ulizeni kwanza nani alipaka gasketi ya tyubu, maana nayo ina silikoni.

Ripoti ya gia boksi ni safi, ila inanguruma na nati ya sumaku ya kumwagia oili ina vipande vinavyong'aa.

Amini sumaku. Kipimo cha kawaida cha metali huchoma oili na kusoma mwanga wake, na punje zinazozidi mikroni 10 hivi karibu zote hukipita bila kuonekana. Beringi au meno ya gia yakianza kumeguka, hutoa vipande vikubwa kuliko hivyo, kwa hiyo ripoti inaweza kusifu gia inayokufa. Siku nyingine omba ferografia: sumaku hupanga punje kwenye kioo, mtaalamu akazitazama kwa hadubini. Visahani vyembamba ni msuguano wa kawaida. Nyuzi zilizojisokota ni kukwanguliwa. Vipande vinene ni chuma kilichochoka. Lakini wewe unaviona kwa macho. Simamisha mashine leo.

Naweza kuleta sampuli kwenye chupa ya soda?

Hapana. Chupa safi, kavu. Vuta oili kwa mpira kupitia tundu la dipstiki, injini ikiwa bado moto, wala usikinge matone ya kwanza yanayotoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Kuna dawa ya kumwaga ndani ili chuma kishuke?

Anayekuuzia kichupa hicho akuonyeshe ripoti mbili, ya kabla na ya baada. Zenye saa.